Cherehani tatu ndani ya gofu la jirani

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Mimi ni mshoni, nina miaka 34, nakaa Wete, Pemba, na mume wangu na watoto watatu. Nashona sare za skuli na nguo za harusi, na Idd ikikaribia ndiyo silali kabisa. Cherehani yangu ni moja tu, Butterfly niliyoinunua mkononi, na sasa imechoka.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu imefungwa tangu bi aliyekuwa akiishi mle afariki, mwaka wa nane huu. Bi huyo ndiye aliyenifundisha kushona. Nilikuwa darasa la sita. Nikitoka chuoni napita kwake, ananipa vipande vya khanga nijifunze kushona mstari ulionyooka. Wanawe ni watatu: binti yuko Dar es Salaam, wa kiume mmoja yuko Maskati, na mdogo wao, naye wa kiume, yuko Tanga. Waliweka kufuli, wakaondoka. Mwaka juzi bati za nyuma zilipeperuka, masika haya ukuta wa jikoni umeanguka, na sasa kila mtu anaingia apendavyo. Vijana wameshang'oa nondo za madirisha na kuziuza chuma chakavu.

Nilijua mle ndani mna cherehani tatu. Usiku mmoja wa mvua kubwa nilishindwa kulala kwa kuziwaza. Nikaingia na mwanangu mkubwa kwa tochi ya simu. Ile ndogo ya mkono, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu, ilikuwa imeshateremshwa na kuwekwa karibu na mlango, kama kuna mtu aliyepanga kuirudia. Nikaibeba hadi kwangu. Hadi leo iko chini ya kitanda, nimeifunika khanga. Namba yake inaanza na EB, gurudumu halizunguki hata kidogo, na ndani ya kijisanduku chake cha pembeni nimekuta bobini nne ndefu, nyembamba kama kalamu iliyokwisha, pamoja na kidaftari cha vipimo vya wateja wake. Ukurasa mmoja una jina langu, na vipimo vya sare yangu ya kwanza ya sekondari.

Mbili nyingine, moja ya miguu ya chuma na pedali, na moja Butterfly, bado zimo ghorofani.

Nilimpigia binti wa Dar. Sikumwambia kama nimeshaingia, nilimuuliza tu wana mpango gani na vyombo vya mama. Akanijibu, "Dada, chochote unachokiona kinakufaa chukua, sisi tutavifanyia nini."

Sasa yamezuka mengine. Kaka yangu amempata dalali wa Unguja anayesema Singer za zamani zina zebaki nyekundu, na anatoa milioni 12. Alituagiza tuweke simu iliyo hewani karibu na sindano. Ikikatika, basi zebaki imo. Tulijaribu mara tatu, mara moja ikakatika. Mume wangu anasema tuuze, watoto wasome. Mama yangu anasema niirudishe nilikoitoa, nisile cha marehemu.

Bi Mkubwa, mimi ni mwizi? Na hizo mbili nizifuate, au niziache ziliwe na kutu na mchwa? Na kama Mungu akinijaalia kubaki na hii, nitaifungua vipi bila ya kuivunja?

Mshoni wa Wete

—

Marahaba mwanangu, waalaykum salaam.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kuitoa cherehani kwenye mvua hukukosea. Nyumba haina bati, ukuta umelala, na mtu ameshaiteremsha hadi mlangoni. Ungeiacha hadi asubuhi ingekuwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma, inapimwa kwa kilo. Ulipokosea ni baada ya hapo. Uliificha chini ya kitanda, kisha ukazungumza na binti wa marehemu bila ya kumwambia kuwa tayari unayo. Ruhusa aliyokupa ameitoa bila ya kujua anaruhusu nini. Wewe mwenyewe unalijua hilo, ndiyo maana umeniandikia.

Kwa hiyo itoe leo hii. Iweke juu ya meza, mahali ambapo mgeni akiingia anaiona. Kisha mchukue jirani mmoja mtu mzima mwende kwa sheha, umweleze kama ulivyonieleza mimi: usiku gani, nani alikuwa nawe, ulitoa nini, kiko wapi. Mwombe aandike, na nyote mtie saini. Karatasi hiyo itakulinda siku atakapotokea mtu akasema mle ndani mlikuwa na dhahabu pia.

Watu wanaliita gofu, na neno lenyewe linawafanya waone halina mwenyewe. Kitu kilichookotwa njiani kina hukumu yake katika dini, hutangazwa mwaka mzima kumtafuta aliyekipoteza. Hiki chako hakikuokotwa njiani. Nyumba inajulikana, aliyekuwa na vyombo anajulikana, na warithi wake unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hata ikitokea jengo lenyewe ni la Serikali au la wakfu, kama zilivyo nyumba nyingi za miji yetu, vyombo vya ndani vinabaki kuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu ni ya warithi wake.

Hapo ndipo neno la binti wa Dar linapopungua uzito, ingawa amelisema kwa moyo mweupe. Ikiwa marehemu hakuacha mume wala wazazi, na madeni yake yameshalipwa, mali yake inakwenda kwa watoto hao watatu kwa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mawili, binti moja. Huyo dada amekupa kwa mdomo cherehani ambayo yeye ana fungu moja tu ndani yake. La Maskati na la Tanga hayamo. Ukiitumia kwa ruhusa yake peke yake, huenda asije mtu kukudai maisha yako yote, lakini kila ukiikalia utakuwa unajua.

Wapigie wote watatu. Wa Maskati usimwogope kwa umbali, siku hizi sauti inafika kabla ya chai kupoa. Na usiwapigie kwa kuzungukazunguka kama ulivyofanya mara ya kwanza. Warikodie ujumbe mmoja, wote wausikie sawasawa, kwa mfano hivi:

"Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba ya mama imeanguka upande wa jikoni na watu wanaingia. Cherehani yake ndogo ya mkono nimeitoa usiku wa mvua, iko kwangu, sheha anajua, picha ni hii. Mbili bado zimo ghorofani. Nataka kujua kwenu: yupo kati yenu anayeitaka yoyote? Kama hamzitaki, mko radhi niuziwe au nipewe, nanyi nyote watatu mnaridhia? Nisipopata jibu naendelea kuitunza kama amana."

Kisha nyamaza uwape muda. Mtu anaposema "makorokoro ya mama" au "tutavifanyia nini" huwa hajaiona picha. Akiiona ile nyeusi yenye maua, na akakumbuka mlio wake usiku wa kuamkia Idd, pengine atalia, na pengine ataitaka. Wakiitaka, wape, mwanangu, tena uifute vumbi kwanza. Wakikuridhia wote, hifadhi majibu yao, mpeleke sheha aongeze mstari kwenye karatasi yake. Wakivutana wao kwa wao, usiwe mwamuzi. Mahkama ya Kadhi ipo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Mambo ya mirathi ni kazi yao. Na ukikubaliana nao kuitumia kabla hawajaamua, semeni mapema gharama za matengenezo ni za nani, maana hapo ndipo ujirani unapovunjika.

Mama yako anasema uirudishe ulikoitoa. Namheshimu kwa kuogopa cha marehemu, lakini kuirudisha ndani ya maji ni kumkabidhi yule aliyeiteremsha hadi mlangoni.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Mama yangu alipofariki, nyumba yetu ilisafishwa kwa siku moja na jamaa waliodhani wanatusaidia. Cherehani yake ya pedali iligawanywa: kichwa kikaenda huku, miguu ya chuma ikauzwa kwa uzito, meza ikawa kuni za hitma. Mimi nilikuwa safarini. Hakuna aliyeniuliza. Hadi leo nikipita pahali nikasikia pedali, nasimama.

Sasa hiyo milioni 12.

Hakuna zebaki nyekundu ndani ya cherehani yako, wala ndani ya cherehani yoyote. Kitu hicho chenyewe hakijawahi kuthibitishwa na maabara yoyote duniani. Uvumi huu ulivuma sana Saudi Arabia mwaka 2009; watu waliuziana Singer kuukuu kwa maelfu ya riyali, wakipimana kwa simu hivyo hivyo kama mlivyoagizwa nyinyi, na serikali ya kule ikalazimika kuingilia. Ndani ya kichwa cha cherehani mna chuma cha kalibu, vyuma vya kuzunguka na mafuta. Sindano ni chuma cha pua. Simu yenu ilikatika kwa sababu simu hukatika, na mara mbili haikukatika, mbona hizo hamkuzihesabu?

Ukiendelea na dalali huyo utaona hatua ya pili. Atataka nauli ya kumleta mtaalamu, au "pesa ya kufungua mzigo", au umkabidhi cherehani akaipime Unguja. Milioni 12 hazitakuja. Mwambie kaka yako kwa upole lakini aifute namba hiyo. Na mumeo umwambie hivi: hiyo cherehani haina thamani ya hazina, kwa sababu haijawahi kuwa adimu. Herufi EB zinaonesha ilitengenezwa Clydebank, Uskochi, katika kiwanda cha Kilbowie, kwani herufi mbili zinazoanza na E zilianza kupigwa pale katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda hicho kilifunguliwa katika miaka ya 1880, na mwaka 1913 peke yake kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja. Kilifungwa 1980. Zimetapakaa dunia nzima. Faida yake kwenu ni kwamba zilitengenezwa kwa chuma kizito, zinafunguka kwa bisibisi, na karibu kila kilichokwama ndani yake hukwamuka. Watoto watasomeshwa na sare utakazozishona juu yake.

Kuhusu mbili za ghorofani nakuomba kwa jina la wanao: usipande. Nyumba zetu za mawe na chokaa zina dari zilizobebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo zikikaa kavu huishi miaka mingi sana. Zikishika maji ya mvua, huoza kwenye ncha, pale zilipoingia ukutani, ambapo macho hayafiki. Juu utaona sakafu nzima, chini hamna kitu. Beit al-Ajaib la Unguja, jumba kubwa kuliko yote ya Mji Mkongwe, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, na mafundi walikuwamo wakilitengeneza. Watu wawili walikufa. Nyumba ya jirani yako imelowa masika nzima bila ya bati. Usiingie tena usiku, na mtoto usimwingize hata mchana.

Warithi wakisharidhia, tafuta fundi mwashi anayejua nyumba za chokaa, aitazame dari kwa chini kwanza. Akisema hapandiki, basi, hata kama utaziona kwa dirishani zinakutazama. Akisema panapandika, waingie wanaume wawili asubuhi ya jua, siku ambayo mvua imekatika tangu juzi, wakanyage kandokando ya ukuta au juu ya ubao mrefu uliolala kukatiza boriti. Pua na midomo wazifunge kwa sababu ya kinyesi cha popo. Kabla ya kugusa kitu, wapige picha kila cherehani pale ilipo, na namba yake. Kwenye Singer iko juu ya kitako, upande wa kulia, karibu na gurudumu.

Ile ya pedali wasiibebe nzima. Kichwa kimeshikwa mezani na vijiti viwili vya bawaba kwa nyuma, kila kimoja kina skrubu yake chini. Wakizilegeza, kichwa kinachomoka. Ni kizito, zaidi ya kilo kumi, na kishikwe penye mkono wake wa juu na kitako chake, kamwe kisininginizwe kwa gurudumu. Halafu meza, halafu miguu. Na kila mtoto wa meza avutwe na kumwagwa juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu humo ndimo mna vitu visivyouzwa tena dukani: vibao vidogo vya kuteleza vinavyofunika bobini, nyumba ya bobini, miguu ya kupindia na kukunjia pindo, bisibisi ndogo. Cherehani nyingi zilizookolewa hufa mara ya pili kwa sababu zimetolewa bila ya kibao cha nusu kiganja.

Mbao za meza zikague kabla hazijaingia nyumbani kwako. Ukiona vumbi la mchwa au la fukusi, ziweke nje kwanza, zitiwe dawa.

Hiyo Butterfly usiidharau kwa kuwa si nyeusi yenye maua. Imetoka Shanghai, na Butterfly nyingi tunazozijua zimefuata umbo la Singer 15. Sindano na bobini zake unazipata Chake, Wete na Darajani. Pengine ndiyo itakayokulisha, au itakayokupa vipuri vya ile yako iliyochoka, wakikuridhia.

Tuje kwa ile ndogo iliyoganda.

Hizo bobini nne nyembamba zimeniambia ni aina gani. Ni ile ya mashua, yaani bobini inaingia ndani ya kijichombo kirefu chenye ncha mfano wa mtumbwi, nacho kinakwenda mbele na nyuma kama bembea chini ya sindano. Singer za Clydebank za namna hiyo ni 127K na 128K, hiyo K ikiwa ya Kilbowie, na yako kwa kuwa ni ndogo huenda ni 128K. Sogeza vibao vya kuteleza utizame: mtumbwi umo? Kama umo, mshukuru Mungu, na uhifadhi pamoja na bobini zote nne, maana bobini za duara za dukani haziingii humo hata kwa kulazimisha.

Gurudumu lisipozunguka usilizungushe kwa nguvu, wala usimpe kijana mwenye mikono mikali akusaidie. Kwanza inua kile kidole cha mkono wa kuzungushia, kisiguse miti ya gurudumu, usije ukawa unapambana na mpini. Pili, legeza ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Gurudumu likizunguka peke yake sasa, ujue lililoganda liko ndani ya kichwa. Lisipozunguka, kutu imelishika palepale kwenye mhimili wake.

Kisha tafuta nyuzi. Mara nyingi kinacholaumiwa kuwa kutu ni uzi. Chukua kibanio na tochi, utizame nyuma ya gurudumu, chini ya meno, na hasa kwenye njia ya mtumbwi; kipande cha uzi cha zamani kikichanganyika na mafuta makavu hugeuka gundi, kikashika mashine nzima. Kivute taratibu. Nimeona fundi akitoa uzi wa urefu wa kidole na gurudumu likaanza kucheza saa hiyo hiyo.

Baada ya nyuzi, mafuta ya taa. Tia tone tone kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma, uilaze cherehani juu ya magazeti, uiache hadi kesho. Fanya kazi hii uani, mbali na jiko, na watoto wasiwe karibu. Asubuhi iweke juani saa moja au mbili ili chuma kipate joto na mafuta ya zamani yalainike. Kisha jaribu gurudumu kwa kulitikisa kidogo mbele, kidogo nyuma, kama mtu anayefungua mlango asimwamshe aliyelala. Lisipokubali, tia tena, ungoje tena. Nyingine huchukua wiki nzima. Ukilazimisha, kitakachokatika ni kipande kidogo ambacho hakuna duka la Pemba litakalokuuzia.

Likishazunguka, usifurahi ukaanza kushona. Mafuta ya taa huyeyusha na kukausha. Yasipofuatiwa na mafuta halisi ya cherehani, yale meupe mepesi, chuma kitasagana. Yafute, kisha tia mafuta ya cherehani kila tundu, uizungushe kwa dakika kadhaa bila ya uzi. Mafuta ya nazi, ya kupikia na ya gari yaache hukohuko yanakofanya kazi. Najua wazee walitia ya nazi yakiadimika mengine, na hayo ndiyo yaliyogeuka nta humo ndani.

Maua ya dhahabu yanataka huruma. Yamebandikwa, na juu yake yamepakwa vanishi ya zamani ambayo spiriti na thina huiyeyusha papo hapo. Wengi wameifuta cherehani ikang'aa nyeusi tii bila ya ua hata moja, wakalia. Tumia kitambaa laini cha pamba na tone la mafuta ya cherehani, jaribu kwanza upande wa nyuma, na msasa wala sabuni ya unga visikaribie.

Sindano yake ni ile ya kawaida ya cherehani za nyumbani, 15x1, unayotumia kwenye Butterfly yako. Ukiitia, tizama ule mfereji mrefu unaoteremka ubavuni mwake: upande wenye mfereji ndio uzi unakoingilia tunduni. Ukiigeuza haitashona, na utadhani mashine ni mbovu. Jaribu kwa khanga kuukuu ya kukunja mara mbili, kwa uzi wa rangi tofauti juu na chini, ili uone ni upi unaovuta. Ukimaliza, paka mafuta membamba kwenye vyuma vyeupe. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na kitu kinachokaa wiki bila ya kuguswa.

Nimebakisha kidaftari. Hicho hukuniuliza, lakini ndicho ninachotaka ukitoe kwanza. Usikipitishe mikononi mwa watu, kwani ndani mna vipimo vya miili ya wanawake wa mtaa wenu na huenda mna madeni yao. Kikaushe kivulini, weka karatasi kavu kati ya kurasa zilizoshikana, usizibandue kwa kucha. Ukurasa wenye jina lako upige picha uwe nao. Kisha kifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu unayemwamini anayepanda boti akifikishe kwa binti wa Dar mkononi, hata kabla hajajibu lolote kuhusu cherehani. Mwandiko ni wa mama yake.